Wapiga filamu wa nje wakija Kusini: vibali vyao, na kazi iliyo juu yako mwenyeji

Masika yakishakatika na barabara za huku kukauka, barua pepe huanza kuingia kwa vijana wa Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa. Kampuni ya Ujerumani inataka kupiga makala ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Waingereza wanataka magofu ya Kilwa Kisiwani, wengine wanamtaka mchonga vinyago wa Kimakonde kule Newala. Wote wanatafuta mwenyeji. Mwenyeji anakubali, na kitu cha kwanza anachouliza ni siku ngapi na gari la aina gani. Swali lililotakiwa kutangulia ni moja: wanakuja kwa karatasi zipi?

Tunaandika haya kwa ajili ya mwenyeji huyo. Mgeni akikosea karatasi, hasara yake ni viza na tiketi, kisha anapanda ndege. Wewe unabaki, na ofisi zote zinajua unapokaa.

Tulichokiona ni kwamba vibali hukataliwa mara chache. Kinachokwamisha kazi ni karatasi zisizokubaliana. Bodi ya Filamu imeandikiwa watu sita, Uhamiaji wameombwa viza za watu watano. Kibali kinataja Kilwa Masoko, wao wako Kilwa Kivinje. Orodha ya forodha ina kamera mbili, sanduku lina tatu. Kila ofisi ina kipande chake, lakini polisi au afisa uhamiaji akikusimamisha Somanga au Mingoyo atataka kuviona vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, andaa karatasi moja mama: majina kama yalivyo kwenye pasipoti (herufi kwa herufi, jina la kati likiwemo), namba za pasipoti, kazi ya kila mtu, tarehe, maeneo kwa majina ya wilaya na vijiji, na vifaa. Kila ombi litoke kwenye karatasi hiyo, na ikibadilika, mabadiliko yaende kila ofisi siku hiyo hiyo.

Viza ni kitu kimoja, kibali cha filamu ni kingine

Viza ya kawaida ya matembezi, ile ya dola 50 (Wamarekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi), hairuhusu kufanya kazi. Haijalishi kwamba mtu anakuja siku nne tu, au kwamba halipwi na mtu wa Tanzania. Kupiga filamu ya kuuza au ya kurusha kwenye televisheni ni kazi. Kwa kazi fupi kuna viza ya biashara, dola 250 kwa kila mtu, kwa shughuli zisizozidi miezi mitatu. Inaombwa kwenye mfumo wa viza mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na ombi liambatane na barua ya mwaliko ya kampuni ya hapa pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu. Ndiyo maana kibali cha filamu kinatangulia viza inafuata. Wengi hugeuza: wanakata tiketi, wanaomba viza, halafu wanauliza kama Bodi "wana ulazima".

Anayesahaulika zaidi ni prodyuza. Utaambiwa, "Huyu hashiki kamera, anakuja kuangalia tu, achukue ya matembezi." Usikubali. Jina lake limo kwenye orodha ya watenda kazi, ndiye anayesaini mikataba na ndiye anayelipa watu. Mtangazaji wa kipindi naye vivyo hivyo. Kila aliyemo kwenye orodha ya Bodi awe na viza ya aina moja na wenzake.

Raia wa nchi jirani wasiohitaji viza huwachanganya watu. Mpiga sauti kutoka Nairobi au Johannesburg anaingia kwa kugongewa muhuri tu, na kundi linadhani hana shida. Kutohitaji viza kunamruhusu kutembea, si kufanya kazi. Peleka jina lake Uhamiaji kwa barua kabla hajafika, uelekezwe utaratibu wake. Pia kuna mataifa ambayo viza zao haziwezi kutolewa mpaka zipate idhini ya Uhamiaji makao makuu, na hizo huchelewa. Uliza uraia wa kila mtu siku ya kwanza, usidhani kwamba kundi la Uingereza lote ni la Waingereza.

Kazi ikizidi miezi mitatu, tuseme tamthilia ya vipindi vingi au mtaalamu anayebaki kufundisha, hapo unaingia kwenye kibali cha kazi chenyewe. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya 2015, inampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kukitoa, na baada yake Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa ni Daraja B. Kimoja bila kingine hakitoshi. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kwa mara moja, kinaweza kuhuishwa, ila jumla ya miaka ina ukomo. Mwombaji ni mwajiri wa hapa, mwenye usajili na TIN, naye ataulizwa kwa nini kazi hiyo haipati Mtanzania na ni Mtanzania gani atakayeirithi. Jibu la "hakuna mtu mwenye ujuzi huu" bila kuonyesha kwamba ulitafuta halikufikishi mbali. Kwa makala ya wiki tatu, njia hii huihitaji.

Maombi ya Bodi ya Filamu

Bodi inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya 1976, iliyofanyiwa marekebisho 2019. Andaa barua ya maombi, maelezo ya hadithi, ratiba ya upigaji picha yenye tarehe na maeneo, orodha ya watu na nakala za pasipoti, orodha ya vifaa, na barua ya kampuni ya hapa inayowapokea. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekwambia utume kwenye simu yake "akusaidie kuharakisha" mwache.

Watengeneza makala hupenda kusema kwamba makala haina skripti. Ni kweli, lakini muhtasari wa kurasa mbili au tatu unawezekana: filamu inahusu nini, nani ataongea, kitaonekana nini. Uandikwe kwa ukweli. Wapo wanaoandika "utalii na utamaduni wa Kusini" wakijua nusu ya mahojiano ni ya gesi au ya hali ya mpakani. Likigundulika, na hugundulika kwa sababu mnamhoji mtu mbele ya jirani zake, kibali kinakuwa hakina maana na wewe uliyekisindikiza unaonekana ulidanganya. Gesi na mpaka zinaombewa kama mada nyingine, ila ziombewe kwa majina yake.

Kwenye maeneo, usikubali neno kama "Kusini mwa Tanzania". Andika: Wilaya ya Kilwa, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kilwa Kivinje. Wilaya ya Newala, kijiji fulani. Na uwe mwangalifu na majina ya halmashauri, kwani ramani wanazokuja nazo wageni ni za zamani. Halmashauri ya Wilaya ya Lindi siku hizi ni Mtama, na sehemu ya vijiji vya zamani vya Lindi vijijini imo ndani ya Manispaa ya Lindi. Anayekwenda Tendaguru aulize kwanza ofisi ya mkoa barua iende kwa mkurugenzi yupi. Barua iliyokwenda kwa mkurugenzi asiyehusika hairudishwi haraka, inakaa kwenye faili.

Tarehe nazo ziwe na nafasi. Kama mnataka siku tatu Songo Mnara, omba wiki nzima. Sababu ni bahari. Kwenda kule boti inapita kwenye mikoko, na maji yakikupwa inakwama mbali na nchi, mnashuka na masanduku kichwani kwenye tope. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na hukupwa sana, kwa hiyo dirisha la kuingia na kutoka ni dogo na linasogea kila siku kwa kiasi cha dakika hamsini. Maji mafu hayana ukali huo. Juu yake kuna kusi, ambayo kati ya Juni na Agosti inaweza kuwafungia Kilwa Masoko siku nzima. Ratiba iliyoandikwa Berlin na mtu asiyeangalia jedwali la maji itataka kuongezewa siku, na kibali kilichokwisha Jumanne hakikufai Jumatano.

Kundi la habari lina njia yake, ithibati ya waandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Wakiwa na wanasayansi watakaochimba au kuchukua sampuli, hao wanahitaji kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na kibali cha filamu hakikifuniki. Wakitaka kumalizia Zanzibar, wajue kule ni maombi mengine kabisa.

Orodha ya vifaa

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Wageni wengi wamezoea kusafiri na hati ya vifaa inayoitwa ATA Carnet, na hushtuka wakiambiwa Tanzania haimo. Vifaa vinaingia kwa utaratibu wa uingizaji wa muda chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004: wakala wa forodha anaandaa tamko, dhamana inawekwa ya kodi ambayo ingelipwa, na vifaa vinatoka nchini ndani ya muda uliotolewa. Piga hesabu mapema. Vifaa vya dola 100,000 vina VAT ya asilimia 18, yaani si chini ya dola 18,000, kabla hujagusa ushuru mwingine. Dhamana hiyo iwekwe na wakala au kampuni yao ya bima. Usiiweke kwa jina lako, hata wakikuahidi nini.

Orodha nzuri ina namba ya sanduku, jina la kifaa, mtengenezaji, modeli, namba ya mfululizo, idadi, nchi kilikotengenezwa na thamani. "Sanduku la lenzi, 1" haitoshi. Inatakiwa hivi: sanduku la 4, lenzi ya milimita 24–70, mtengenezaji, modeli, namba ya mfululizo iliyochongwa karibu na shingo ya lenzi, 1, Japani, dola 1,900. Mwambie msaidizi wa kamera asome namba kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu risiti na kifaa hutofautiana. Kosa la kila mara ni la siku ya mwisho: kamera moja imeharibika, wanakodi nyingine asubuhi ya safari, orodha haibadilishwi. Afisa akifungua sanduku, namba hailingani, basi sanduku zima linalala uwanjani.

Kundi likifika kwa ndege mbili, tenganisha orodha mbili. Vitu vitakavyotumika vikaisha, kama tepu na betri ndogo, viorodheshwe peke yake kwa sababu havitarudi. Lenzi ikidondoka baharini, siku hiyo hiyo mkaripoti polisi mkapate maandishi. Bila hayo forodha wataihesabu kama imeuzwa nchini.

Betri za kamera zina kanuni yake kwenye ndege, pamoja na ile ya ndani ya Dar es Salaam–Mtwara. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 14.4 na ampea-saa 6.8 ni wati-saa 97.92, inapita kwenye mzigo wa mkononi bila neno. Kati ya 100 na 160 omba ridhaa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 haipandi na abiria, ipite barabarani. Hiyo ni kama kilomita 560.

Droni ishughulikiwe mapema kuliko vyote. Inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na ya Wizara ya Ulinzi, na kibali cha Bodi ya Filamu hakibebi hata kimoja kati ya hivyo. Huku kwetu suala hilo ni zito zaidi: kuna bandari, kuna uwanja wa ndege, kuna mitambo ya gesi Msimbati, Madimba na Songosongo, na kuna mpaka ambao hali yake imebadilika tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze 2017. Kama idhini haijatoka, droni ibaki kwao. Kuileta "tuone itakavyokuwa" ni kuitoa zawadi. Redio za mawasiliano na maikrofoni zisizo na waya zinatumia masafa, kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) waulizwe.

Barua zinazoshuka

Kibali cha Bodi ni cha taifa, lakini hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayekitambua peke yake. Barua inashuka kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri na Afisa Utamaduni wake, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti. Kila ngazi inaandika kwa inayofuata. Mkoa wa Mtwara na mkoa wa Lindi ni ofisi mbili, kwa hiyo kazi ya Mikindani na Kilwa ni seti mbili za barua.

Ombi lako kwa Katibu Tawala liwe la ukurasa mmoja: "YAH: OMBI LA KUTAMBULISHWA KWA WAPIGA FILAMU KATIKA WILAYA YA NEWALA. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha aya ya kwanza itaje namba na tarehe ya kibali cha Bodi, ya pili itaje watu wangapi, vijiji gani, tarehe gani, ya tatu imtaje mwenyeji na simu yake. Viambatisho viwe nyuma. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo. Bila muhuri ule huna cha kuonyesha kwamba barua ilifika, na utaambiwa ulete nyingine. Usiende wiki ya ziara ya kiongozi mkubwa, ofisi nzima iko barabarani.

Maeneo yenye mwenyewe yana ruhusa ya ziada. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na mambo ya kale yana sheria yake ya 1964. Taa zenye miguu mizito, reli ya kamera, kupanda juu ya kuta za Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa, yote yaelezwe kwenye ombi. Chokaa ile ya matumbawe inamomonyoka kwa kuguswa tu, na tunaomba sana mtu asiruhusu mguu wa taa kuegemea ukuta hata kwa dakika moja. Tendaguru nako, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 mifupa iliyoko Berlin mpaka leo, hakuna kuokota kitu kwa ajili ya picha na kukitia mfukoni. Kupiga chini ya maji Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, basi omba Hifadhi za Bahari. Liwale, upande ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ni TANAPA.

Anayetaka "kuvuka kidogo tu" Daraja la Umoja pale Mtambaswala apate picha ya upande wa Msumbiji, mkumbushe mambo mawili. Viza ya kuingia mara moja inakwisha akitoka, na vifaa vilivyo chini ya dhamana vikitoka bila kutamkwa vinageuka kesi.

Kijijini

Malipo ya kijiji yalipwe kwa kijiji, kwa risiti, si kwenye mfuko wa mtu. Wazee, wapigangoma wa sindimba na wachongaji walipwe wao wenyewe, kiasi kitajwe mbele yao kabla kamera haijafunguliwa, wasaini fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Fomu ya Kiingereza yenye kurasa nne haina ridhaa ndani yake.

Kila kundi litakuuliza jando na unyago. Sherehe huangukia mara nyingi likizo za shule, nao huwa wamesoma mahali fulani kwamba inaruhusiwa ukilipa. Wanaofundishwa ni watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawalinda, mzazi lazima akubali, Afisa Ustawi wa Jamii ajue, na hata hayo yote yakikamilika, yanayofundishwa ndani si ya kamera. Makungwi watakwambia wenyewe. Kinachopigika ni siku ya kutoka, pale wali (watoto waliokuwa wakifundishwa) wanapotolewa na mtaa mzima unacheza, na hapo napo sura za watoto zisipigwe kwa karibu bila ridhaa. Mwambie mgeni hivyo kwa barua pepe kabla hajalipa tiketi. Mwenyeji anayenyamaza ili asipoteze kazi ndiye anayekuja kumwomba kungwi kitu kisichoombwa.

Kabla hawajaondoka

Marekebisho ya 2019 yanawataka wapiga filamu wa nje kutaja maeneo waliyotumia, kuwasilisha picha ghafi kwa Bodi kabla ya kuondoka, na baadaye nakala ya filamu iliyokamilika. Picha ghafi zina uzito. Kamera inayorekodi megabiti 400 kwa sekunde inakula gigabaiti 3 kwa dakika, 180 kwa saa. Saa kumi za picha ni terabaiti 1.8. Kwa hadidiski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, kunakili peke yake ni saa tano, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Anayeacha jambo hili usiku wa mwisho Dar es Salaam huondoka bila kukabidhi. Hadidiski ya Bodi inunuliwe tangu mwanzo, ijazwe kila jioni mkiwa bado Mtwara au Lindi, iandikwe namba ya kibali kwa kalamu ya wino mzito.

Uwanjani, vifaa vinakaguliwa kwa orodha ile ile ya kuingilia, kwa hiyo wafike saa nne kabla ya ndege na wakala awe pale. Wakishapaa, kazi yako bado: fuatilia kwa wakala mpaka dhamana ifutwe kwa maandishi, uhifadhi nakala pamoja na kibali, barua zenye mihuri na fomu za ridhaa. Na kwenye mkataba wenu kuwe na kipengele cha nakala ya filamu kwa kijiji, chenye tarehe, na sehemu ya mwisho ya malipo yako isubiri mpaka ifike. Kampuni nyingi husaini bila ubishi ukiliomba mwanzoni.